Maziwa ya Kwanza Hayaonyeshwi Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nilikuwa nimepangwa kwenye kituo cha mifugo cha Beni, chumba kimoja kilichoshikana na machinjio, na joto la Beni mnalijua. Mimi mtoto wa baridi ya Butembo, niliyezoea kuvaa sweta mpaka jua liwe juu, nikaingia mle asubuhi na sketi mpya na viatu vya kanisani. Harufu ya damu ilinipokea mlangoni kabla ya mkubwa wangu. Chef de Poste, yaani mkuu wa kituo, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisubiri nimalize huko nje, kisha akanimiminia maji ya kunawa.

"Hakuna shida, mama," alisema. "Bote banatapikaka siku ya kwanza. Nawa mikono, ukuje. Damu hapana kungoja mutu."

Kweli damu haingoji. Ikikaa inaganda, ikiganda imekufa, na ng'ombe mwenyewe amesharudi malishoni. Siku ileile alinifundisha kutengeneza lame, yaani kipande cha kioo chenye utando wa damu. Unaweka tone dogo la damu upande mmoja, unachukua kioo cha pili, unakilaza kidogo, unalisukuma tone mpaka lienee jembamba kama siagi ya mtu bahili kwenye mkate. Unakausha, unaloweka kwenye alkoholi, unatia rangi ya zambarau, unasuuza, ndipo unaweka chini ya darubini. Lame yangu ya kwanza ilikuwa nene, haikuonyesha kitu. Ya pili vilevile. Chef de Poste hakukasirika, aliniambia tu nirudie, na nimekuwa mtu wa kurudia tangu hapo.

Niseme mapema, ninyi mnaosoma msije mkashangaa: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikihesabu chembe za damu nahesabu tena, kisha naogopa kwamba hesabu ya pili ndiyo mbaya. Wenzangu walinipa jina la Maman Recontrôle, yaani Mama Kagua-Tena, na wapo mjini hapa wasiojua kwamba mama yangu aliniita Kavira. Walinicheka, lakini kila mmoja alipokuwa na ng'ombe wake mwenyewe mgonjwa, damu aliniletea mimi.

Beni tulitafuta zaidi vijidudu vinavyoletwa na kupe. Chembe nyekundu ndizo zilikuwa kazi yetu. Zile nyeupe nilizipita kama unavyompita jirani njiani, unamsalimu tu. Baadaye nilihamishiwa Mutwanga, chini ya milima, ambako ng'ombe hulisha karibu na mpaka wa mbuga na kupe wa nyati hawaulizi mipaka. Mkubwa wangu kule, Assistant Vétérinaire, alinifundisha kubeba chupa za damu juu ya pikipiki bila kuzitikisa, kifuani ndani ya koti, kama mtoto mchanga. Kisha nikarudishwa kwetu Butembo. Nilimshukuru Mungu kwa baridi, nikadhani nitamaliza miaka yangu kwa amani.

Butembo mkubwa wetu alikuwa Médecin Vétérinaire, daktari wa mifugo, aliyetumwa kutoka Kasai. Tulimwita Docteur. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kwaya, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamua. Mimi na yeye tulikuwa maji na mafuta. Yeye akisema neno tayari ameshika ufunguo wa gari. Mimi bado natafuta miwani. Lakini hakuwa na dharau, na hakuwahi kunikata maneno mbele ya watu.

Mwaka ule watu wa upande wa Kanyabayonga walikuwa wakikimbia vita, wakipanda barabara kuu na vitu vyao kichwani, na wenye ng'ombe walikuja na ng'ombe. Mifugo ikachanganyika. Ugonjwa wa midomo na miguu ukaanza, ule unaomtoa ng'ombe mate na vidonda mpaka anashindwa kula na kusimama. Kwa bahati tulikuwa tumeshachanja. Mahali pengi chanjo ilishika, ng'ombe wakaugua kidogo wakapona. Ila kilima kimoja cha juu, upande wa Lubero, kule kwenye ukungu, ng'ombe waliochanjwa walidondosha mate na kuchechemea kama vile hatujawahi kufika. Jina la kilima naliacha.

Kelele ikaanza mara moja. Watu walisema tumewachanja kwa maji. Mnakumbuka miaka ile ya Ebola, jinsi mtu mwenye buti na chupa ya damu alivyoangaliwa huku kwetu. Hofu ile ilikuwa haijapoa. Tulipopanda kilimani kuchukua damu, wanaume walisimama kando ya njia wakatutazama bila kuitika salamu. Mimi nilihesabu chupa zangu tena na tena. Docteur alikuwa anaimba kwa sauti ya chini.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke mjane, Mama Masika. Alitupa viazi vya moto na chai ya maziwa, akasema anayetaka kugombana na sisi agombane baada ya chakula. Alikuwa na ng'ombe wachache, na mmoja wao, Sifa, alikuwa ndiye malkia wa kilima kizima: mnene, mweusi na madoa meupe, kiwele kama kapu. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Sifa alizaa kila mara, na maziwa yake ndiyo yalimlisha Masika na watoto wake tangu mume alipouawa njiani akitoka shambani.

Hapo niwaeleze desturi ya kilima kile, maana ndiyo kiini cha habari yote. Ng'ombe akizaa, maziwa yake ya siku za mwanzo ni mazito na ya njano. Waswahili wa vitabu huyaita dang'a, sisi tunasema maziwa ya kwanza. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote mwilini, na kinga ya mama yake imo humo. Asiyeyanywa mapema hufa kwa upuuzi wowote. Basi kilimani pale, ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, sehemu ya maziwa ya kwanza ilipelekwa kwa ndama wa jirani ambaye mama yake amekufa au amekauka. Huombwi, unapeleka. Na kulikuwa na sharti moja: maziwa ya kwanza hayaonyeshwi moto. Yakiwekwa motoni, kiwele cha aliyeyatoa kitapasuka. Karibu kila zizi la kilima lilikuwa na ng'ombe aliyelelewa kwa maziwa ya Sifa. Masika alituhesabia kwa majina, kwa furaha, kama bibi anayetaja wajukuu.

Tulichukua damu tukateremka. Nilipoweka lame ya Sifa chini ya darubini niliona chembe nyeupe zimejaa kama soko la Jumamosi. Nikarudia. Nikamwita Docteur.

"Mais hii ni damu ya muzuri!" alisema. "Chembe nyeupe mingi, mwili inapigana. Ngombe iko na nguvu."

"Docteur, anapigana na nini? Homa hana, kidonda hana."

"Weye na wasiwasi yako."

"Tumurudie basi, Docteur. Tupime tena mbele ya kusema kitu."

Tulimrudia Sifa baada ya majuma kadhaa, na tena baada ya mengine. Chembe hazikupungua. Na zote zilikuwa za aina moja, limfosaiti, zile ambazo kazi yao ni kumkumbuka adui aliyewahi kuingia na kutengeneza dawa ya kumzuia. Chanjo inategemea hizo. Safari hii Docteur hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu kwa muda, jicho kwenye darubini, kisha akasema neno ambalo nilikuwa nimelisoma tu shuleni: leucose. Tukapeleka maji ya damu, ya Sifa na ya wenzake wa kilima, kwenye maabara kubwa nje ya mkoa. Barabara ilifungwa mara mbili, barafu ya kuyapoza ikayeyuka, tukapeleka mengine. Majibu yaliporudi, Sifa alikuwa na leucose, na karibu wote waliokunywa maziwa yake walikuwa nayo.

Nitawaeleza leucose kama nilivyowaeleza watu wa kilimani. Kwingine wanafundisha kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Huku kwetu neno askari linafungua mjadala usioisha, kwa hiyo mimi nilitumia salongo, ile kazi ya pamoja ya kila juma ya kusafisha barabara. Kirusi hiki kinaingia ndani ya limfosaiti yenyewe na kukaa humo maisha yote. Hakimwangushi ng'ombe. Kinaifanya chembe izaliane, ziwe nyingi, lakini nyingi kati ya hizo hazina kazi. Ni salongo ambayo watu wamefurika barabarani, wanapiga gumzo, na hakuna aliyekuja na jembe. Chanjo inapita, inaita majina, wanaoitika ni wachache, tena kwa uvivu, na baada ya muda mfupi wamesahau. Ndiyo maana ugonjwa wa midomo uliwapata kana kwamba hawakuchanjwa. Ng'ombe wengi wenye kirusi huishi na kukamuliwa bila kuonyesha chochote; wachache hutokwa na uvimbe uzeeni, wakafa. Kirusi husafiri ndani ya chembe za damu: kwa sindano, kwa waya wa kukatia pembe, na pia kwa maziwa, maana ndani ya maziwa ya kwanza chembe nyeupe zimo tele.

"Jumapili tunapanda," Docteur alisema. "Kiisha misa, tunaambia batu bote. Ugonjwa inatoka ku ngombe ya ule mama. Baache kuchukua maziwa yake. C'est simple."

Nilikwenda kufunga mlango kwanza.

"Docteur, ukisema vile, utamuua."

"Nitamuua nani?"

"Masika. Docteur, weye si mutu ya huku. Ukisema maziwa ya mujane iliingiza ugonjwa mu ngombe ya kilima muzima, batasikia neno moja tu: karuho."

Karuho ni sumu, ile inayosemekana mtu anamtilia mwenzake kwenye kikombe kwa chuki. Nilikuwa nimeona Beni nyumba ya mwanamke mmoja ikichomwa kwa neno hilo, na yeye mwenyewe aliponea dirishani. Ulimi hauna mfupa, lakini nimeuona ukivunja mifupa. Nilimweleza Docteur yote hayo. Alinisikiliza. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba njia, tufanye nini, maana kunyamaza nako hakuwezekani: kila ndama aliyezaliwa alikuwa ananyweshwa.

Hakika hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Tukisema, Masika atafukuzwa au zaidi. Tusiposema, kilima kizima kitabaki na ng'ombe wasioshika chanjo, na ndama wanaofuata vilevile. Na kukataza maziwa ya kwanza kabisa hakufai, ndama yatima atakufa kabla hatujazungumza habari ya kirusi. Docteur alisoma vitabu vyake akapata njia: maziwa yakipashwa moto kwa kiasi, yasichemke, na kushikiliwa hapo kwa muda kama wa misa ya asubuhi, chembe zenye kirusi zinakufa na kinga inabaki nzima. Yakizidi moto, kinga nayo inakufa, na maziwa ya kwanza yanaganda. Docteur alijaribu mwenyewe kwenye jiko la kituo. Alituletea kitu cha njano kilichokakamaa kwenye sufuria, tukamuuliza kama anataka tukikaangie kitunguu. Alicheka mpaka akatoa miwani. Kesho yake nilijaribu mimi, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji, kipimajoto mkononi, bila kupepesa macho. Yakatoka sawa.

Siku ya Jumamosi nilipanda peke yangu. Nilimkuta Masika akimfuta Sifa matope. Sifa alikuwa amezaa juzi yake. Nilizungusha maneno mpaka mwenyewe akachoka.

"Mama Kavira, unakuja kuniambia ngombe itakufa?"

"Hapana, mama. Anaweza kuishi tu." Nikamweleza, salongo na yote. Alisikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Donc bale batoto ba ngombe bote nilipelekeaka maziwa..." Hakumaliza. "Nilikuwa nabapelekea ugonjwa."

"Ulikuwa unabapelekea uzima, na ugonjwa ikapandia mule. Haukujua. Hata sisi hatukujua."

"Bataniita mwenye karuho."

Tulikaa pale, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi kwenye jiwe, nikalia mbele yake, mimi niliyekwenda kumtuliza. Mwishowe nilimwahidi kwamba hatutataja ng'ombe wa mtu. Tutasema maziwa yote ya kwanza ya kilima, ya ng'ombe yeyote, yapashwe moto. Alitikisa kichwa. "Batakataa," alisema. "Hakuna mutu ataonyesha maziwa moto bila kujua sababu. Miye mwenyewe ningekataa."

Jumapili watu walijaa kwenye hangari ya kapela, banda la kilima la kusalia. Docteur alizungumza vizuri, hakutaja jina, alishika ahadi niliyompa Masika. Aliposema maziwa ya kwanza yapashwe moto, mnong'ono ulipita kama upepo kwenye majani makavu. Tata Kambale akasimama. Huyu alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, na neno lake lilikuwa na uzito pale.

"Docteur, asante. Mais unatufichia. Haiwezekani useme maziwa iko na ugonjwa bila kusema ni ya nani. Ngombe ya nani?"

Docteur aligeuka. Alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Ngombe ya nani?" Kambale alirudia, na vijana waliokuwa wamesimama mlangoni wakasogea ndani.

"Yangu."

Masika alisimama katikati ya wanawake. Kitenge chake kilikuwa kimefungwa kifuani kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kukimbia au kubeba mzigo. "Ni Sifa. Bamekuta mu damu yake. Mulinywesha batoto ba ngombe maziwa yake, na miye nilileta kwa mukono yangu. Sikujua. Sasa najua, na ninawaambia."

Nililisikia lile neno likitoka mlangoni, dogo, kwa sauti ya chini. Kisha likatoka tena upande mwingine, si dogo. Mwanamke aliyekaa karibu na Masika alivuta mtoto wake mapajani. Ninawaambia ukweli, nilijua ninachotakiwa kusema na sikuweza kukisema, kwa sababu hakikuwa changu peke yangu: kilikuwa cha ofisi.

Docteur ndiye aliyekisema. Alipanda juu ya benchi, mtu mzima na kilo zake, benchi likalia.

"Musikilize! Ile ugonjwa inapita ku maziwa, ndiyo. Inapita pia ku sindano. Nani alileta sindano huku? Mwaka kwa mwaka, chanjo, sindano moja ngombe mingi, sababu sindano ilikosekanaka? Ni serikali. Ni sisi. Mbele miye nifike, na siku zangu pia. Labda Sifa alipatia ugonjwa kwetu, ku sindano. Hakuna mutu anaweza kujua. Mukitafuta mwenye karuho, muanzie na miye. Niko hapa. Sina muke huku, sina ndugu. Munichukue."

Hakuna aliyemchukua. Mvua ndogo ilianza juu ya mabati. Mkubwa wake wa Goma alimwandikia baadaye barua ya ukali kwa maneno hayo, na kwa muda mrefu hakupandishwa cheo. Hakuwahi kunilalamikia.

Masika alitoka nje. Nilidhani amekimbia. Alirudi na jiko la makaa, sufuria mbili, na maziwa ya Sifa ya asubuhi ile, akaketi chini mbele ya altare akaanza kupuliza. Padri alisogeza kitambaa cha altare mbali na makaa. Nilikwenda nikaketi naye na kipimajoto. Watu walisimama kututazama maziwa yakipata joto polepole, na wanawake wazee wakaziba midomo kwa mikono, wakingoja laana ya kiwele. Masika aliyashikilia pale muda wote, akiondoa kaa moja, akirudisha kaa moja. Kisha akayapoza, akampelekea ndama wake mwenyewe, mbele ya wote, na ndama akanywa.

Siku zilizofuata zizi la Masika lilipata wageni wengi kuliko kanisa. Kila asubuhi kulikuwa na mtu amekuja "kumsalimia", macho yake yote kwenye kiwele cha Sifa. Na mimi pia, sitadanganya, nilipanda mara kwa mara kukitazama. Nilijua kwamba moto hauwezi kupasua kiwele kilichoko mbali, na bado nilikitazama. Hakikupasuka. Kuna wiki ng'ombe wa Tata Kambale alikufa akizaa, ndama akabaki analia. Kambale alimbeba ndama yule mabegani mwenyewe, akavuka kilima, akamweka mlangoni kwa Masika. Masika aliwasha makaa.

Haikuwa miujiza. Wapo ndama waliokipata kirusi tumboni mwa mama zao, na wapo waliokipata kwa njia nyingine. Sifa mwenyewe alianza kutokwa na uvimbe shingoni akachinjwa, na Masika hakula nyama ile. Lakini tulianza kubeba sindano moja kwa kila ng'ombe, hata ikibidi kuchanja wachache na kurudi, na ndama waliokua kwa maziwa yaliyopashwa, tulipowachanja, damu yao iliitika. Nilirudia kuhesabu. Nikarudia tena. Ilikuwa kweli.

Kisha vita vikapanda hadi kilimani. Watu walishuka Butembo na ng'ombe waliosalia, wengine wakaenda pembezoni mwa mji, wengine mpaka karibu na Beni. Ng'ombe wa Masika walichukuliwa wote. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nina nyumba yenye chumba cha ziada, na Masika anaishi nami mpaka leo. Docteur alirudi Kasai. Hupiga simu Noeli na bado ananiuliza kama nimefunga mlango.

Vijana huniuliza nini nilichojifunza katika kazi. Wanataka niseme darubini, au rangi, au hesabu. Vitu hivyo mtafundishwa, na siku hizi mashine zenu zinahesabu kuliko macho yangu. Mimi nawaambia tu kwamba damu unayoitazama ni ya ng'ombe wa mtu, na kwamba jibu lako likitoka mlangoni mwa maabara linakwenda kukaa nyumbani kwa huyo mtu, na wewe hutakuwepo. Uogope. Wasiwasi hauui, mimi nimeishi nao mpaka mvi.

Juzi Tata Kambale alifika hapa kwa pikipiki, amezeeka, matope mpaka magotini. Anaishi sasa na watu wa kilima mahali walipohamia, na walifanikiwa kubakiza ng'ombe wachache. Hakuingia ndani. Alisimama uani akavua kofia.

"Mama Masika," alisema, "ngombe imezaa. Batu bote banakungojea. Banasema maziwa hapana kuguswa mbele weye ufike."

"Si nilibafundisha? Kila mutu anajua."

"Banajua. Mais bananikatalia. Banasema bila mukono ya Masika, ndama hapana kunywa."

Masika alifunga kitenge akapanda nyuma yake. Nilimkimbilia na kipimajoto, nikamtilia mfukoni, kwa maana najua anapima kwa kidole na jambo hilo linanitesa. Nilibaki nikiwaza barabara, na vizuizi, na mvua. Alirudi jioni. Kipimajoto kilikuwa bado kimefungwa kwenye kitambaa nilichokifungia mimi, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu.